Mama wa Mikono Mitupu

Juzi nilimwona fundi akiipaka chokaa sanamu ya Bikira Maria kwenye ua wa hospitali, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni. Baba aliniacha chini ya sanamu kama ile, mama akiwa ndani anajifungua. Palinuka dawa na udongo uliolowa. Sikujua kwamba mikono ile iliyokunjuliwa ilikuwa inakaribisha wagonjwa. Nilidhani amenyang'anywa mtoto.

"Shikamoo, mama," nilimwambia. "Wetu akija, utampakata kidogo."

Baba alitoka peke yake. "Twende nyumbani, Manka."

"Na mama?"

"Amebaki na mtoto."

Sikuelewa kwamba wote wawili wamefariki. Tulipofika nilimtandikia mama kitanda. Baba alisimama mlangoni akinitazama, hakunizuia.