Timu Yangu Ilipopanda Ndege

Ijumaa, mwezi wa nane. Kusi limevuma tangu alfajiri, manyunyu yakapita mara mbili, kisha jua likatoka kama halina khabari.

Mwanangu, kesho baada ya Alasiri mnakaa barazani kuchagua wachezaji, na asubuhi nimekusikia ukisema, "Tutajua hapo hapo." Nilikujibu kwa mdomo, lakini sijui kama nilisema vizuri, ndipo naandika. Shule niliiachia njiani, na pengine sina haki ya kumfundisha mtu. Lakini nakumbuka siku moja nami nililisema neno hilo hilo, likanitoa barazani.

Sikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, ila kwa mambo ya simu nilikuwa mchanga kabisa, kwa hiyo nihisabu kijana. Mchezo ulikuwa huu huu: watu wanane, kila mmoja anaunda timu yake kwenye simu kwa wachezaji wa kweli wa ligi ya Uingereza. Wakifunga huko, wewe unapata pointi hapa. Tunachagua kwa zamu, na mchezaji akishachukuliwa na mmoja, mwengine hampati. Wa mwisho anatoka msimu mzima unaofuata, pahala pake anapewa binamu yetu wa Tunguu anayengoja nafasi.

Kwangu halikuwa jambo dogo. Mke wangu alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka ule, nyumba kimya. Jumamosi za barazani ndizo nilizokuwa nikicheka.

Siku ya kuchagua nilitoka Darajani mbio, mfuko wa samaki mkononi, kichwani sina hata jina moja. Kura ikaniangukia namba moja! Pembeni yangu shangazi yetu Bi Kauthar, mpishi wa shughuli za harusi, amefungua daftari lake: ukurasa huu vipimo vya biriani, ukurasa huu majina ya wachezaji.

"Shangazi, tunaoza mtu leo?" nikamtania.

"Cheka, mwanangu. Wali ukiungua hucheki."

Wahenga walisema mipango si matumizi, nami nikalifanya neno lao ruhusa ya kutopanga. Nikachagua kwa mapenzi: winga wa Senegali, mshambuliaji wa Misri, kiungo wa Ghana, beki wa Moroko, nikaendelea hivyo hivyo. Nasra, binti wa kaka yangu, akapiga kigelegele: "Ami kaichukua Afrika nzima!" Nikavimba. Na kwa haki niseme, vijana wale walicheza mpira. Kufika mwezi wa kumi na mbili nilikuwa wa pili.

Ukaingia mwezi wa kwanza, na mashindano ya mataifa ya Afrika. Wachezaji wangu wanane wakaitwa makwao. Nafungua simu: jina, sifuri. Jina, sifuri.

"Ami, timu yako imepanda ndege!" Nasra akacheka mpaka akakaa chini. "Binamu wa Tunguu nshamsikia anashona kanzu ya kuingilia!"

Nilicheka nao, lakini usiku sikuacha kuhisabu pointi. Kesho yake nikaenda kwa Bi Kauthar, nikamkuta anachagua mchele. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikamwomba anibadilishie mchezaji mmoja tu.

"Sikupi," akasema, wala hakuinua uso. "Mimi nikipewa harusi, kwanza nawauliza wasaidizi wangu: nani ana safari, nani anakaribia kujifungua. Simkatai mpishi hodari kwa kuwa atasafiri. Namjua mapema, namwekea mwenzake. Wewe wachezaji wako uliwapenda, safari zao hukuwauliza. Na hayo mashindano yalijulikana kabla hatujapiga kura."

Nilitoka nimenuna. Leo naona hakunionea hata chembe. Waliposafiri hawakuwa na kosa; kosa la kutotazama kalenda lilikuwa langu.

Nikamaliza wa mwisho, kwa pointi tatu. Nasra huyo huyo, machozi yanamlengalenga, akasema Ami asamehewe, ni mkubwa. Nikakataa. Kanuni ikiwa inawakata wadogo tu, si kanuni. Binamu akaja, akakaa pangu, na kusema kweli ni mcheshi kuniliko. Msimu mzima nilikwenda barazani kumimina kahawa, nikitaniwa kila kikombe, na kila walichosema juu ya majeruhi na ratiba nikakiandika. Niliporudi nilikuwa na karatasi mbili zimejaa. Nikawa wa tatu. Sina hakika kama ni akili au bahati. Labda nusu kwa nusu.

Basi, mwanangu, penda mchezaji umpendaye, sikukatazi. Lakini kabla hujakaa, jua atakuwa wapi mwezi wa kwanza, na nani atashika nafasi yake. Kila jina liandikie la pili, maana zamu yako ikifika la kwanza huenda limeshachukuliwa. Na ukishindwa, toka kwa uso mkunjufu, usimlaumu aliyejiandaa.

Mola akujaalie subira ya kukaa na kalamu kabla ya furaha, akuzungushie watu wa kucheka nao hata ukiwa wa mwisho.

Jioni tumekula muhogo wa nazi na ngisi, Nasra kaongeza mara mbili. Wewe umenawa mikono, ukaniomba karatasi. Sikukuuliza ya nini.