Risasi Ndefu za Baba Mdogo

Nguruwe pori alikoswa asubuhi. Kabla jua halijafika utosini, mdogo wangu alikwisha kuitwa malaya.

Ndivyo wawindaji wa kwetu, upande wa Kabambare, wanavyofikiri. Mtu akikosa mnyama mara moja, ni bahati mbaya. Akiendelea kukosa, basi kuna mtu nyumbani aliyeiharibu bunduki: mke aliyetoka nje ya ndoa, au binti aliyelala na mwanaume kwa siri. Mtu huyo lazima ataje jina, kisha bunduki ioshwe kwa maji ya majani na damu ya kuku. Sijawahi kusikia kwamba aliyeharibu ni mwindaji mwenyewe. Baba yangu mdogo husali kila Jumapili na sauti yake nzito ndiyo inayobeba kwaya, lakini bunduki ikikosa anaukumbuka mwiko haraka kuliko anavyoukumbuka ubatizo wake.

Bunduki ilikuwa ya baba. Alipokufa baada ya mama, mdogo wake aliichukua pamoja na sisi watoto: mimi mkubwa, dada yangu anayenifuata, na kitinda mimba. Mimi niliacha shule ya msingi kabla ya kuimaliza, nikashika jembe.

Mwanamke hagusi bunduki, lakini baba alinipa kazi ya kushika ufito wa kuisafishia. Siku moja alifunga uzi mwekundu kwenye ufito, akabana kitambaa chenye mafuta kwenye ncha yake, akausukuma ndani ya mtutu. Ufito ukaanza kujizungusha wenyewe mkononi mwake, kwa sababu ndani ya mtutu kuna mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka, na kitambaa kilikuwa kinaifuata. Uzi ulizunguka mara moja na nusu tu, na ufito ukawa umetokea upande wa pili.

“Umeona? Hii bunduki yetu iko muvivu,” aliniambia. “Ya rafiki yangu inazunguka zaidi ya mara mbili.”

“Sasa uvivu wake unadhuru nini?”

Akachukua pia ya kuchezea ya kitinda mimba, fupi na pana, akaizungusha bila nguvu. Ikasimama vizuri. Kisha akachonga nyingine, nyembamba na ndefu, akaizungusha vilevile. Ikayumba, ikaanguka.

“Risasi ni vilevile,” alisema. “Unene wote ni mumoja, ndiyo maana zote zinaingia. Ile nzito ni nzito kwa sababu iko ndefu. Na ndefu inataka kuzungushwa kwa nguvu. Ukiitia katika hii muvivu, inatoka ikipinduka kichwa kwa mukia. Hii tunaipa fupi.”

Hilo ndilo lililokuwa fundisho lote. Halikuhitaji shule. Baba alinunua risasi fupi, na tulikula nyama.

Baba mdogo alipoona risasi fupi zilizobaki, alicheka. “Masasi ya watoto,” alisema, akazitupa ndani ya kopo. Akaenda Lusangi, kwa wafanyabiashara wanaofuata wachimba dhahabu, akarudi na risasi ndefu, nzito, akizipima kwenye kiganja mbele ya watu kama mama anayepima samaki. Nzito ndiyo inayoua, alisema. Nilimwambia aliyonifundisha baba. Akaniuliza kama mihogo imekwisha kumenywa.

Tangu hapo alikosa. Alikosa paa, alikosa nguruwe, alikosa nguruwe mwingine aliyesimama kama anayesubiri kupigwa picha. Mke wake hakuulizwa neno. Mke wake ana kaka zake, wachimbaji wenye mikono mizito, nani angethubutu? Dada yangu alikuwa na miaka kumi na sita na hakuwa na baba. Basi bunduki imeharibiwa na yeye.

Walimweka katikati ya baraza, kwenye mkeka, wawindaji wamemzunguka kwenye viti.

“Taja jina, mutoto, tumalize,” alisema baba mdogo.

“Jina ya nani?”

“Ya mwanaume.”

“Hakuna mwanaume.”

“Bunduki imekuona.”

“Bunduki iko na macho, baba mudogo? Kama iko na macho, mbona haioni nguruwe?”

Mzee mmoja aliyekuwa akiwinda na baba alitoa kicheko, akakimeza. Baba mdogo akasimama. Alisema anatoa muda hadi Jumapili: ataje mwanaume, na mwanaume huyo amchukue. Asipotaja, atoke nyumbani aende anakokwenda. Msichana anayefukuzwa kwetu kwa sababu hiyo hapati mlango wa kubisha hodi. Anaishia kwenye vibanda vya machimbo, na kila mtu anajua anaishi kwa nini.

Nikasema, “Shida ni risasi. Ndefu hazifai mtutu ule.”

“Sikilizeni!” baba mdogo aliwaambia wenzake. “Sketi inatufundisha bunduki.”

Walicheka wote. Nilihisi hasira ikinipanda hadi masikioni. Nilijua nikilia wamenishinda, kwa hiyo niliingia ndani, nikang'oa ubao wa mlango wa banda la kuku, nikarudi nao.

“Piga huu,” nikamwambia. “Pale mwisho wa shamba la karanga. Ubao haukimbii, na hauna mwanaume. Au unauogopa?”

Hakutaka. Lakini yule mzee, rafiki wa baba, alisema, “Mutu muzima anaogopa mulango ya kuku?” na hapo hakuwa na njia.

Risasi ndefu ya kwanza haikugusa ubao kabisa. Ya pili ilipiga pembeni. Tukaenda kutazama. Tundu halikuwa duara. Lilikuwa refu, umbo zima la risasi, kama mtu aliyelala ubavu. Iliingia kwa ubavu. Rafiki wa baba alipitisha kidole ndani yake, akanitazama. Kisha akalifuata kopo mwenyewe, akatoa risasi moja ya watoto. Baba mdogo akapiga tena. Tundu likatokea karibu na katikati, duara safi.

Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa mjinga.

Baba mdogo aliyatazama matundu yale, akashusha bunduki, akageukia wenzake kwa uso mkunjufu. “Munaona? Mutoto ametubu ndani ya roho yake. Bunduki imepona.”

Na wakaitika! Watu wazima, waliotia vidole vyao kwenye tundu lile, wakatikisa vichwa kukubali. Ni rafiki wa baba peke yake aliyetema mate chini na kuondoka. Naye, mbele yao, hakufungua mdomo. Huyo pia sijamsamehe.

Risasi ndefu zilirudi Lusangi kuuzwa. Fupi zikaingia kazini, na juma lile lile baba mdogo akaua nguruwe. Dada yangu hakufukuzwa. Lakini kisimani wanawake walimpisha njia na kumwambia, “Pole, mama, ulisafishwa vizuri.” Hicho ndicho kilichoniumiza zaidi: alikuwa ameachwa nyumbani kama mwenye kosa aliyesamehewa.

Paja la nguruwe huyo lililetwa jikoni kwetu. Nililibeba kichwani hadi barazani, walipokuwa wameketi wawindaji wote, nikaliweka mbele ya baba mdogo.

“Hapa hapa ulimutia aibu. Hapa hapa useme ilikuwa risasi.”

“Peleka nyama jikoni.”

“Sema kwanza.”

Hakusema. Nililiacha pale, na mbwa walifika kabla ya mke wake.

Tuliondoka kwake. Sasa tunaishi mjini Kasongo, sisi watatu, kwa sombe ya majani ya mihogo na samaki wa mto Lualaba. Dada yangu anashona nguo karibu na soko. Kiangazi kilichopita mke wa baba mdogo alishuka kwenye pikipiki na furushi la nyama iliyokaushwa kwa moshi.

“Pokea basi, mama. Muzee amezeeka. Anawakumbuka.”

Cherehani ikanyamaza ndani.

“Yaya,” dada yangu aliniita, mimi mkubwa wake, bila kutoka, “Muzee amesema?”

Nilimtazama mgeni. Aliinamisha macho.

“Bado,” nilijibu.

“Basi mupe chai, halafu arudi na nyama yake.”

Nikamwekea chai, na sukari ya kutosha. Mwendesha pikipiki aliombwa asiende mbali.