Msichana Niliyemfundisha Kutembea

Alikuwa na miaka kumi hivi, na alijua kutembea. Naanza na hilo kwa sababu mimi ndiye niliyemfanya asijue tena, na mpaka leo nikikumbuka, uso unanichoma.

Serikali ilinituma Butembo kutoka Kasai, mwalimu kijana mwenye diploma mpya na viatu vyeusi. Nchi ilikuwa imepata uhuru juzijuzi, na shule zote zilitakiwa kupita mbele ya wakubwa siku ya sikukuu. Mkubwa wa shule akanipa darasa la nne nilitayarishe kwa defile, yaani gwaride. Sikuwahi kufundisha mtoto yeyote kutembea kwa mstari. Nilichokuwa nacho ni sauti.

Kwetu mizigo hubebwa kichwani, mgongo umenyooka. Huku wenyeji, Wanande, hubeba mgongoni, kwa kamba pana inayopita kwenye paji la uso, na mwili hulala mbele kidogo ili kuushinda mlima. Yule msichana alianza kumbebea mama yake viazi tangu akiwa mdogo kabisa. Hata bila mzigo shingo yake ilishuka kidogo, na hatua zake zilikuwa fupi na sawasawa, hazikosei hata kwenye utelezi. Mimi niliona uvivu tu.

"Kichwa juu!" nikamwambia. Akainua kichwa. "Mukono! Sasa goti! Hapana goti hilo!"

Kila hatua nilikuwa na neno. Nikamtoa mstarini, nikamtembeza peke yake mbele ya wenzake, mimi pembeni na kijiti, nikimgusa kiwiko, goti, kidevu. Nilidhani kumwangalia sana ndiyo kumsaidia. Baada ya wiki moja akaanza kupeleka mkono wa kulia pamoja na mguu wa kulia, kisha wa kushoto na wa kushoto, kama meza inayosukumwa. Mtu hatembei hivyo mpaka awe anafikiria kila kiungo chake. Darasa likacheka. Nami nikacheka, tena kuwapita wote.

Wale wa mstari wa nyuma sikuwasahihisha hata mara moja, maana sikuwaona vizuri. Walitazama mgongo wa aliye mbele yao, wakafuata ngoma, na kabla ya mwezi kwisha walikuwa safi. Nikasema hao wana kipaji. Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo methali niliyopenda kuwaimbia wazazi siku zile, na sikupata kujiuliza kama samaki naye ana mifupa.

Siku ya sikukuu nilimweka majanini pamoja na watazamaji, amevaa sare aliyoshonewa na mama yake. Hakulia. Nilimwona akitazama miguu ya wenzake inavyopita, midomo yake inahesabu.

Kisha waasi wakaja. Watu wa mji wakakimbilia mashambani, na mtu wa serikali kama mimi alikuwa wa kwanza kutafutwa. Aliyenificha ni mama wa msichana huyo huyo. Alikuja nyumbani kwangu alfajiri na kusema, "Vua viatu, mwalimu, vitakusema." Akanichukua pamoja na binti yake, tukashika njia ya shamba lao, mwendo wa kutwa upande wa Beni.

Mchana tukafika mtoni. Daraja lilikuwa gogo moja. Mama alitangulia akavuka bila hata kupunguza mwendo. Binti akafuata, mgongoni amebeba unga wa muhogo na maharagwe, chakula chetu chote mpaka mavuno. Alitembea vile nilivyomkuta zamani: shingo chini, hatua fupi, mikono miwili imeshika kamba. Wala hakuwa anatazama gogo. Alimtazama mama yake. Alipendeza. Na mimi nikaogopa kwa ajili yake, sina sababu nyingine ya kutoa. Nikapiga kelele:

"Angalia miguu!"

Akasimama katikati. Akaitazama miguu yake. Niliona magoti yanakaza, kichwa kinainuka, mkono mmoja unaachia kamba na kwenda mbele pamoja na mguu wake. Akaanguka.

Maji yalimfika kifuani tu, namshukuru Mungu. Mama aliingia akamvuta. Mzigo ulikuwa umekwisha kwenda, unga na maharagwe, na sisi tukiutazama. Nilingoja matusi. Mama alikamua nguo yake na kusema, "Hapana kitu, mwalimu. Ulitaka kumusaidia mutoto." Afadhali angenipiga.

Mimi mwenyewe nilivuka nikitambaa kwa magoti, nimekumbatia gogo. Msichana alikuwa ng'ambo anatetemeka, maji yanamchuruzika. Aliponiona nainuka alisimama wima, kidevu juu, mikono ubavuni, kama tulivyokuwa shuleni.

"Mwalimu," akauliza, "nilikosea mukono gani?"

Mama yake alikuwa anasikiliza. Yule mwanamke alihatarisha shingo yake kwa ajili yangu, na binti yake alikuwa ananingoja nimwambie ukweli. Ukweli nilikuwa nao mdomoni: haukuwa mkono, ilikuwa sauti yangu.

"Wa kushoto," nikamjibu.