Kusema "Mimi" Mtandire

Baba yangu alisema uongo bila kufungua mdomo. Ilikuwa Kanengo, kwenye kiwanda cha kusaga mahindi alikofanya kibarua, akilala huko siku za kazi na kurudi kwetu Dzaleka, kambi ya wakimbizi, mwisho wa juma. Jioni moja aliacha mlango wa ghala wazi, mvua ikaingia, magunia yakalowa. Asubuhi bosi aliuliza kwa Kichewa, lugha ya wenyeji, nani alitoka wa mwisho. Baba hakujua Kichewa, ila swali alilielewa. Akaonyesha kwa kidole kibanda cha mlinzi wa usiku, mwenyewe akiwa ameshakwenda nyumbani. Mlinzi aliporudi zamu akafukuzwa, bila kuambiwa nani aliyemtaja.

Sisi hatukujua. Tuliona tu nyumba imenyamaza. Baba, mzee wa kanisa, aliacha kuomba kwa sauti. Akiambiwa abariki chakula alimwachia mama. Shati la ibada alilivaa kama la kuazima. Nilizoea kufikiri kwamba malipo ya dhambi hushuka kwa kishindo. Kwetu yalipanda kama unyevu ukutani, nami nikaishi humo bila kuhisi baridi wala joto.

Jumapili moja, baada ya ibada, aliniita mimi bintiye. "Mama, unisindikize Mtandire. Utanisaidia luga."

Njiani alinieleza yote. Nilimsikiliza kama mtu anayesomewa tangazo la wengine.

Huko Mtandire, mtaa wa mjini, mlinzi tulimkuta uani kwake. Siku hizo alibeba matofali kwa yeyote aliyejenga. Mkewe akatandika mkeka, lakini baba hakukaa.

"Mi njo niliacha mulango wazi," alisema kwa Kiswahili chetu cha nyumbani. "Mwambie. Si yeye. Ni mi."

Nikatafsiri: *iwo anasiya*, yeye aliacha. Lakini katika Kichewa mtu wa heshima hutajwa kama watu wengi, na maneno hayohayo ni "aliacha" kwa mzee mmoja na "waliacha" kwa kundi zima. Nisingeweza kumtaja baba yangu kama mtoto. Mlinzi akasikia "waliacha."

Akajipiga paja. "Si nilisema! Mabosi wenyewe! Mke wangu, umesikia? Waliacha wenyewe, wakanitupia mimi!" Akamshika baba mikono yote miwili. "Zikomo, bambo! Asante, mzee! Umetoka kambini mpaka hapa kulisafisha jina langu? Leo hutoki bila kula."

"Amenisamehe?" baba aliniuliza, macho yamemjaa maji.

Kabla sijamjibu, chakula kilifika. Ilikuwa nsima, ugali wao, na dagaa. Baba alibariki chakula, kwa sauti, kwa muda mrefu. Mlinzi hakuelewa hata neno moja, ila aliitikia amina kwa nguvu. Wote wawili walikuwa na furaha, kila mtu na yake. Ningeweza kuwaachia. Sikuwa na huruma wala hofu. Niliona tu kwamba furaha ile ilikuwa ya kosa langu, haikuwa ya Mungu.

Nikaweka adabu kando. Niliweka kiganja kifuani mwa baba nikasema kwa Kichewa, "*Ine*. Mimi. Baba anasema: mimi ndiye niliyeacha mlango wazi, mimi ndiye niliyekusingizia."

Mkono wa mlinzi ulisimama juu ya sahani.

"Huyu?" mkewe aliuliza. "Huyu anayetafuna dagaa wetu?"

"Banasema nini?" baba akauliza.

"Sasa njo amesikia, papa. Kwanza nilisema mubaya."

Baba akarudisha tonge sahanini, akangoja.

Mlinzi alinawa polepole. "Mwambie amalize kula," alisema. "Kesho aende kwa bosi, aseme mbele ya watu walewale. Kuniambia mimi hakunirudishii kitu."

Nilitafsiri, safari hii kila neno. Kisha nikaongeza la kwangu: "Batakufukuza, papa."

"Njo vile," alisema baba, akala. Alimaliza, akashukuru, na hakuna aliyetusindikiza.

Barabarani alikwenda mbele yangu, miguu imekuwa myepesi. Nilimwambia ukweli, kwamba mtu yule hakusamehe.

"Najua, mama. Sasa ile neno ya mi. Sema tena."

"*Ine*."

"*Ine*," alisema. "We usikuye kesho. Nitasema mwenyewe." Akaendelea kulirudia, mara kwa sauti ya chini, mara ya juu: *ine, ine*.

Mwendesha kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, akafunga breki. "Wewe umefanyaje, bambo?"

Nikatafsiri. Baba alicheka, kicheko kamili, katikati ya vumbi. Mimi nilisimama pembeni nikikisikiliza.