Kuisihi Alfajiri Isubiri

Jirani yangu wa Milimani alizaliwa Romania, akaolewa na daktari wa kwetu aliyesomea huko, akazeekea hapa Kisumu. Siku aliyopigiwa simu kwamba mama yake amefariki, alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga, kwa hiyo kusafiri hakukuwezekana. Nilikimbia kwake na leso begani, nikamkumbatia, nikaanza kusema kama tunavyosema sote: "Pole sana, Mama. Mama yako ni mama..."

Akaniziba mdomo kwa kiganja. "Usimalize hiyo maneno! Wewe si mtu wa familia. Leo nakutaka hivyo."

Niliudhika, siwezi kuficha. Miaka yote hiyo nimekula ugali wake mbichi bila kulalamika, leo mimi si mtu wa familia?

Ndipo akanieleza. Kijijini kwao, mtu akifa, wanawake hutoka kabla jua halijachomoza, wakaelekea mashariki na mishumaa, wakaiimbia alfajiri. Huisihi isiharakishe, imwachie marehemu nafasi ya kujiandaa kwa safari yake. Lakini mtoto wa marehemu haimbi. Huimba wasio wa damu. Maziko yalikuwa kesho yake, na kijijini wale waliojua wimbo walikuwa wameshakufa.

"Mama ataenda kama mtu amefukuzwa," alisema.

Hasira zikaniisha. Jioni hiyo alinifundisha mistari michache, ulimi wangu ukijikwaa kila mahali.

Alfajiri tulisimama uani kwake. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani, ukameza ua, mfereji na hata miguu yetu. Niliwasha mshumaa, nikaelekea mashariki, upande wa Muhoroni, nikaimba maneno nisiyoyajua kwa sauti yangu ya kwaya. Yeye aliegemea magongo yake, midomo ameifunga. Kwa muda niliamini tumesikika. Anga ilibaki ya kijivu, ndege kimya, nami nikamwona mama nisiyemjua akifunga kitambaa kichwani, akitafuta viatu vyake bila haraka. Nilitamani wimbo usiishe.

Uliisha. Mwanga ukagusa mabati ya jirani, ndege wa kwarara wakaanza kelele zao. Nikauzima mshumaa.

Alinigeukia, uso umelowa. "Sasa malizia ile ulikuwa unasema jana."

"Mama yako ni mama yangu," nikasema, na hapo ndipo nikalia kama mfiwa.