Mzee Asiyeitikia Shikamoo

Juzi kijiji chetu cha ujamaa kilinituma semina Tanga, mimi mwinjilisti wa Mlalo ambaye sikuwahi kuiona bahari. Mchana nikaenda ufukweni, upande wanakoishi wazungu. Nikamkuta mzee wao amelala chali mchangani, kifua wazi, jua linamchoma.

“Shikamoo, mzee.”

Kimya. Nikarudia kwa sauti ya mimbarini. Kimya.

Kwetu milimani, mzee aliye hai hakosi kusema marahaba. Kumpima pumzi sikukumbuka. Nikamfunika koti langu mpaka usoni, nikawasimamisha wapita njia wawili, nikaanzisha wimbo wa maziko.

Ubeti wa pili, koti likainuka. Mzee akaketi, akafikicha macho, akatutazama kwa huzuni.

“Poleni sana,” akasema. “Amefariki nani?”