Mdalasini wa Jirani

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, mama yangu alifariki nikapandishwa mlimani Kinole kwa bibi, mama yake mama. Shida zilianza hapo. Raha nazo, sitasema uongo: chai ya tangawizi, ndizi za kuchoma, bibi akipepeta pilipili manga huku akiwasema majirani. Darasa la nne sikulimaliza, kwa hiyo nitaeleza kwa kifupi.

Asubuhi moja nilibandua gome la mdalasini wa jirani nipate cha kutafuna. Wakubwa hubandua upande mmoja, wakaacha mwingine uuponye mti. Mimi nilizungusha shina lote. Mti uliovuliwa hivyo hauponi, lazima ukauke.

Mimi na bibi tukaitwa barazani siku ileile. Mwenyekiti wa kijiji akaninusa vidole mbele ya watu, wakanitia hatiani. Desturi ilikuwa nyepesi: mlezi anapeleka kuku, anaomba radhi, yamekwisha. Bibi akakataa.

"Huyu nimemlea mimi. Hakugusa."

"Mama, mikono inanuka mdalasini," jirani akasema.

"Na wewe unanuka mbuzi. Umeiba wa nani?"

Watu walicheka, ila hukumu ilibaki. Wao walikuwa na ushahidi, bibi alikuwa na uhakika. Msimu ule hakuna aliyekuja kulimiana nasi, leo kwako kesho kwangu. Bibi alilima mteremko mzima peke yake, mimi nyuma yake nang'oa magugu. Kila nikifungua mdomo niseme, ananipa ndizi. Sikusema. Alikufa akiamini.

Tangu hapo sijagusa cha mtu. Baraza silo lililonitisha. Nilishamfanya bibi mwongo mara moja, sikutaka ya pili.

Mwaka huu nilipanda Kinole kwa bodaboda nikamkuta jirani, sasa hana jino hata moja.

"Shikamoo. Ule mdalasini niliuua mimi."

"Marahaba. Nilijua. Ila bibi yako alivyosimama siku ile, nilirudi nyumbani nikajinusa."

Nyumba ya bibi haipo tena. Kulimiana kumekwisha, siku hizi kila mtu na shamba lake. Mimi leo nina nyumba mjini, Kihonda, mashine ya kusaga viungo, bajaji mbili, mbuzi sita, na mteremko wa bibi wote umejaa midalasini. Mche mmoja nilioupanda si wangu. Uko kwa jirani, palepale.